Pompi ya bluu, ya kahawia au ya mchanganyiko: kila moja inanyamazisha nini kifuani

Ukisimama nyuma ya kaunta ya farmasi hapa Goma utaisikia sentensi hii mara nyingi: "Nipatie pompi ya bluu." Ni kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu. Mteja anaijua, ameiona kwa shangazi yake, inafungua kifua papo hapo, na bei yake inavumilika. Ukimwonyesha ya kahawia anauliza, "Na hii nayo inafungua?" Ukimwambia ukweli, kwamba leo haifungui kitu, anarudisha franka zake mfukoni. Namwelewa. Hata hivyo msimamo wangu ni huu: kwa mtu mzima mwenye pumu ya mzio, kuishi kwa bluu peke yake ndilo chaguo dhaifu kuliko yote yaliyo kwenye rafu, na mchanganyiko wa budesonidi (steroidi) na formoteroli (kifungua-mirija) ndio wa kutafutwa kwanza fedha ikiwepo. Sababu yangu iko kwenye ishara ambazo seli za kinga hutumiana ndani ya mapafu. Mbele ya kila dawa nauliza: inakata ishara ipi, na ipi inaiacha ipite?

Mlolongo wenyewe

Tuchukue kisababishi cha kawaida kabisa, utitiri wa vumbi. Hauonekani kwa macho, unaishi kwenye godoro, mto na blanketi, unakula magamba ya ngozi yetu, na unapenda unyevu. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari na umelala kando ya ziwa Kivu, unyevu hatununui. Kinachotuumiza hasa ni kinyesi cha utitiri. Ndani yake kuna protini iitwayo Der p 1, ambayo ni kimeng'enya, na kazi yake ni kukata. Ikivutwa na hewa inatua kwenye utando wa ndani wa mirija na kukata viungo vinavyoshikanisha seli moja na nyingine.

Seli za utando zikiumizwa hazikai kimya. Zinaachia sitokini, yaani ujumbe wa kemikali kati ya seli, tatu za tahadhari: TSLP, IL-33 na IL-25 (IL ni kifupi cha interlukini). Aliyewahi kulala mtaa ambao jirani mmoja akisikia wezi anagonga sufuria, na nyumba zote zinaitikia kwa sufuria zao, ameshaelewa hatua hii bila darasa.

Wanaoitikia ni wa aina mbili. Kuna seli za dendriti, ambazo huokota kipande cha ile protini, hukipeleka kwenye tezi za limfu, na huko huzifundisha seli T changa kuwa seli T saidizi za aina ya 2, kwa kifupi Th2. Somo hili huchukua siku kadhaa. Halafu kuna seli ziitwazo ILC2, ambazo hazihitaji kufundishwa. Zinakaa palepale kwenye mapafu na kuitika ndani ya saa chache. Sayansi ilizitambua vizuri kuanzia mwaka 2010 tu, ndiyo maana daktari aliyemaliza masomo kabla ya hapo huenda hakuwahi kuzisikia darasani.

Makundi haya mawili hutoa ujumbe unaofanana, na hapa ndipo penye kiini cha ulinganisho wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

IL-4 huenda kwa seli B na kuziamuru zibadilishe aina ya kingamwili zinazotengeneza, zianze kutoa IgE. Kingamwili hii iligunduliwa na wanandoa Kimishige na Teruko Ishizaka kule Denver, Marekani, mwaka 1966, na watafiti wa Uswidi waliifikia kwa njia yao karibu wakati uleule. IgE haizunguki tu kwenye damu: inajibandika juu ya seli za masti (seli za kinga zenye vifuko vya kemikali) zilizojaa chini ya utando wa mirija, na kukaa hapo ikingoja.

IL-5 husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa. Ujumbe wake ni mmoja: tengeneza eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), zitoe, na zisife haraka.

IL-13 hufanya kazi palepale. Huzigeuza seli za utando ziwe za kutoa ute mzito, ule unaonata kama hautaki kutoka hata ukikohoa hadi machozi, na huifanya misuli inayozunguka mirija iwe nyepesi kukaza kwa sababu ndogo.

Sasa siku nyingine mtu anakung'uta blanketi. Der p 1 inaingia tena na kuzishika IgE mbili kwa pamoja juu ya seli ya masti. Mshiko huo unaamsha kimeng'enya kiitwacho Syk, kalisi inapanda ndani ya seli, na kwa dakika chache vifuko vyake vinamwagwa: histamini kwanza, kisha lukotrieni na prostaglandini D2 zinazotengenezwa hapohapo. Misuli inakaza, kifua kinapiga mluzi. Hilo ni wimbi la kwanza.

Wimbi la pili huja baada ya saa nne hadi nane, eosinofili na Th2 zikiwa zimewasili. Huyu ni yule mama aliyefagia asubuhi, akabanwa, akapuliza bluu, akapata nafuu, akaenda sokoni Virunga, na alasiri anabanwa tena bila kugusa vumbi lolote. Atakwambia amerogwa au chakula kilikuwa kibaya. Ni vumbi lilelile la asubuhi.

Bluu

Salbutamoli iliingia sokoni mwaka 1969 na imeokoa watu wasiohesabika. Inaamsha vipokezi vya beta-2 (vituo vya kupokelea ujumbe) vilivyo juu ya misuli ya mirija, misuli inalegea ndani ya dakika kama tano, na nafuu inakaa saa nne hadi sita. Ukiangalia mlolongo hapo juu, utaona imegusa kiungo cha mwisho kabisa, ule msuli. TSLP inaendelea kuita. IL-5 inaendelea kuagiza eosinofili. Ute wa IL-13 uko palepale. Mgonjwa anapumua vizuri huku utando wake ukizidi kuvimba, na kwa kuwa anapumua vizuri hana sababu ya kutafuta dawa nyingine.

Kuna na jingine. Ukiipuliza kila siku kwa wiki nyingi, vipokezi vyenyewe hupungua na mirija huwa myepesi zaidi kukasirika. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa bluu peke yake. Mwongozo huo unatoa na kipimo ambacho yeyote anaweza kukitumia nyumbani: anayemaliza pompi 3 au zaidi kwa mwaka, zile za mpulizo 200, yuko kwenye hatari kubwa ya kushambuliwa vikali, anayefika 12, yaani moja kila mwezi, hatari yake ya kufa imepanda. Hapa Goma nawajua wanaonunua moja kila mwezi na kujisifu kwamba hawakosi dawa.

Shambulio likiwa limeshaanza ni habari nyingine. Kama bluu ndiyo iliyoko nyumbani, ndiyo ya kushika, na hakuna kubishana.

Kahawia

Beklometasoni ya kuvuta ilifuata mwaka 1972. Ni steroidi, yaani ya jamii ya kortizoni, na namna yake ni tofauti kabisa: inapenya ndani ya seli, inajiunga na kipokezi chake, inaingia hadi kwenye kiini na kuzima jeni zinazoandika ujumbe. IL-4, IL-5 na IL-13 zote zinashuka pamoja. Eosinofili zinakufa mapema badala ya kurefushiwa maisha. Tena inaongeza idadi ya vile vipokezi vya beta-2, kwa hiyo hata bluu, ikihitajika, inapokelewa vizuri zaidi.

Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Nafuu inaanza kuonekana baada ya siku kadhaa na hukamilika baada ya wiki. Ndiyo maana hununuliwa mara moja, hutupwa juu ya kabati, na jirani anaambiwa "haifanyi kazi". Usipoosha mdomo baada ya kuvuta unaweza kupata utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi, na sauti kukwaruza. Sukutua, tema, basi.

Wengi wanaogopa neno kortizoni. Wamemwona mtu aliyevimba mashavu kwa vidonge, na hofu yao ina msingi. Ila weka dozi bega kwa bega. Mtu mzima anayevuta dozi ndogo kwa siku anachukua mikrogramu 200 hadi 400, zikilengwa kifuani. Vidonge vya prednisoloni vya shambulio moja huwa miligramu 40 kwa siku, yaani mikrogramu 40,000 zinazozunguka mwili mzima. Anayeikataa kahawia kwa kuogopa kortizoni, kisha akaishia kumeza prednisoloni mara kwa mara kwa mwaka, amekunywa kortizoni nyingi mno kuliko aliyevuta kila siku.

Rangi si sheria. Viwanda vingine hubadilisha. Soma jina la dawa kwenye pompi, usiangalie plastiki.

Mchanganyiko, na yupi kati ya wawili

Hapa watu hudanganyika, hata wauzaji. Kwenye rafu zetu kuna michanganyiko miwili inayofanana kwa sura: budesonidi na formoteroli, halafu flutikasoni na salmeteroli. Kila mmoja una steroidi na kifungua-mirija cha saa 12. Tofauti ni kwamba formoteroli inaanza kazi ndani ya dakika moja hadi tatu, karibu sawa na bluu. Salmeteroli inahitaji dakika kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo wa kwanza unaweza kuutumia kila siku na pia wakati kifua kinapobana. Wa pili ni wa asubuhi na jioni tu. Ukiugeuza kuwa wa dharura utangoja huku unahangaika. Anayechagua flutikasoni na salmeteroli anunue na bluu pembeni.

Ninaupenda ule wa formoteroli kwa sababu unatumia tabia yetu badala ya kupigana nayo. Tabia yetu ni kutafuta pompi tunapobanwa. Basi kila anapobanwa, mgonjwa anapata kilegeza-msuli pamoja na kizima-ujumbe katika mpulizo mmoja, na anakipata saa ileile ambayo mlolongo umeamka. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa wa pumu nyepesi mchanganyiko huu wautumie wanapobanwa tu. Ukilinganishwa na waliotumia kifungua-mirija cha haraka peke yake, mashambulio makali yalipungua kwa asilimia 64. Nao walivuta chini ya moja ya tano ya steroidi ya wale waliopewa ya kila siku. Kwa mtu mzima kikomo cha kawaida cha mchanganyiko wa mikrogramu 160 kwa 4.5 ni mipulizo 12 kwa siku. Anayekaribia hapo ana safari ya hospitali, si ya farmasi.

Ukikosekana, na hukosekana, kuna njia ya kati ambayo nayo imefanyiwa utafiti: nunua bluu na kahawia, na kila unapovuta bluu, vuta na kahawia palepale. Haina fahari lakini inakata ishara zilezile. Kama mkononi una fedha ya pompi mbili za bluu, hii ndiyo namna ya kuigawa.

Bei siziandiki, zinabadilika na dola. Fanya hesabu hii mwenyewe mbele ya muuzaji: uliza pompi ina mipulizo mingapi, gawanya. Bluu kwa kawaida ina 200. Mchanganyiko unaweza kuwa na 120 au 60, na hapo ndipo pompi inayoonekana rahisi inageuka kuwa ghali, au kinyume chake.

Vidonge

Montelukasti inakata kitu kimoja tu: inaziba kipokezi cha lukotrieni. IgE haiguswi, IL-5 haiguswi. Inasaidia baadhi ya watu, hasa wenye mafua ya mzio pamoja na pumu, lakini ikishindanishwa na kahawia inashindwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali mwaka 2020 kwa sababu ya ndoto mbaya, hasira, huzuni na hata mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watumiaji. Mzazi ambaye mtoto wake ameanza kupiga kelele usiku baada ya kidonge hiki asingoje, amrudie dokta.

Setirizini na ndugu zake huzuia histamini. Ni nzuri kwa pua, macho na ngozi inayowasha. Kwenye mapafu histamini ni sauti moja kati ya nyingi, na wimbi la pili haliitegemei. Usiinunue kwa ajili ya pumu.

Prednisoloni inazima karibu kila kitu nilichotaja, mwili mzima, na kwa shambulio kali haina mbadala. Siku tano hadi saba, kisha basi. Kinachonikera ni sindano ya deksa (deksametasoni, steroidi nyingine) inayochomwa mitaani kwa kila anayekohoa, wiki hii na wiki ijayo, mgonjwa akisifu "munganga (daktari) ana mkono mwepesi". Nafuu ni ya kweli. Malipo yake huja baadaye kwenye sukari, shinikizo la damu na mifupa.

Je, ni mzio kweli? Nyiragongo na makala (mkaa)

Ulinganisho wote hapo juu unahusu kifua kinachoendeshwa na IL-4, IL-5 na IL-13. Goma ina sababu nyingine za kubanwa, na hazipiti njia hiyo.

Upepo ukileta moshi wa volkano ya Nyiragongo mjini, ule wenye harufu ya kiberiti, gesi yenyewe ni dioksidi ya salfa. Kwa mwenye pumu inabana mirija ndani ya dakika chache kupitia mishipa ya fahamu, bila IgE wala Th2, na inabana zaidi ukiwa unahema kwa nguvu: msukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) anayepanda mlima ataumia kuliko aliyekaa kibandani. Hapa kifungua-mirija cha haraka ndicho kinachosaidia saa ile, na steroidi haiwezi kuzuia mengi. (Mazuku ni kitu kingine tena. Ile ni kaboni dioksidi iliyolala kwenye mabonde, haileti pumu, inakosesha oksijeni. Pompi yoyote ni bure, ondoka.)

Moshi wa makala ndani ya nyumba ya mbao isiyo na dirisha, na sigara, huita seli tofauti, nutrofili, kwa ishara kama IL-8 na IL-17. Steroidi ya kuvuta haizizimi vizuri ishara hizo. Mvutaji sigara anayelalamika kwamba kahawia haimsaidii anasema kweli, na jibu si kumwongezea dozi mara mbili. Moshi pia huumiza utando na kuamsha zile sitokini za tahadhari, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Wengi wetu tuna yote mawili.

Namna ya kutofautisha bila mashine: pumu ya mzio huja na kwenda, huwa mbaya usiku na alfajiri, huandamana na pua inayotiririka au ngozi ya ukurutu tangu utotoni, na kwenye familia hakosekani mwingine. Kikohozi cha mpishi wa miaka 55 ambacho hakina siku nzuri, kimekuja taratibu kwa miaka, hicho kinahitaji kupimwa kwa kipimo cha pumzi kabla ya kununua chochote. Na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili chenye homa na kukonda kipimwe kifua kikuu kwanza.

Vipimo vya damu: eosinofili au IgE?

Ulaya, daktari akiona eosinofili nyingi kwenye damu ya mwenye pumu anafurahi: hiyo ni IL-5 inafanya kazi, steroidi itasaidia. Hapa kwetu karatasi hiyohiyo inaweza kukupoteza. Minyoo ya tumbo huamsha njia ileile ya Th2, kwa IL-4 ileile na IL-5 ileile, kwa sababu mlolongo huu unaaminika kuwa uliumbwa dhidi ya vimelea kabla haujageukia vumbi. Mtoto wa mtaa wa Ndosho mwenye askarisi, yaani minyoo mirefu ya tumbo, anaweza kuwa na IgE juu sana na mapafu safi.

Uhusiano wenyewe una utata. Kule Gabon watafiti waliona watoto wenye kichocho walikuwa na mwitikio mdogo wa ngozi kwa utitiri wa vumbi, na wakaihusisha na IL-10, ishara ya kutuliza inayotolewa kinga ikikaa na kimelea kwa muda mrefu. Walipowatibu watoto minyoo kwa muda mrefu, mwitikio kwa utitiri uliongezeka. Hakuna anayeshauri ubaki na minyoo. Inaonyesha tu kwamba breki za mfumo huu zipo.

Kwa hiyo kati ya kulipia IgE ya jumla na kulipia kipimo cha choo, mimi nachagua cha choo. Nina sababu nyingine nzito. Kuna mnyoo mmoja, strongiloide, unaoweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Ukimpa aliye nao prednisoloni au deksa, breki zinaondoka, mnyoo unazaana na kusambaa hadi kwenye mapafu, na wengi hufa. Albendazoli inauweza kidogo tu. Ivermektini ndiyo dawa yake, na dokta ndiye wa kuitoa. Kabla ya kukubali vidonge vya steroidi vya mara kwa mara, uliza swali hilo.

IgE maalumu ya utitiri, au kipimo cha ngozi, kina maana zaidi kuliko IgE ya jumla, kama kikipatikana.

Sindano zinazosomwa mtandaoni

Watu hunitumia viungo vya tovuti: "Na hii?" Hizi ni kingamwili zilizotengenezwa maabara, kila moja ikikamata ujumbe mmoja. Omalizumab hukamata IgE, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Mepolizumab hukamata IL-5, mwaka 2015. Dupilumab huziba kipokezi kinachotumiwa na IL-4 na IL-13 kwa pamoja, na kwa pumu iliidhinishwa 2018. Tezepelumab, ya 2021, hukamata TSLP kule mwanzo kabisa.

Historia ya mepolizumab inafundisha kitu. Dawa ya kuzuia IL-5 ilipojaribiwa mwaka 2000, eosinofili zilishuka lakini mirija ikabaki na ukali wake, na wengi wakaiona imeshindwa. Mwaka 2009 ikajaribiwa upya kwa waliochaguliwa, wenye eosinofili nyingi na mashambulio ya mara kwa mara, na mashambulio yakapungua. Ilikuwa dawa sahihi kwa watu wasio sahihi. Ni kosa lilelile la kumpa kahawia mpishi wa moshi wa makala.

Zinagharimu maelfu ya dola kwa mwaka, kila mwaka, na ni za pumu kali ambayo mchanganyiko wa dozi kubwa umeshindwa. Aliyevuta vibaya, au aliyevuta wiki mbili akaacha, hajashindwa na mchanganyiko.

Chupa ya maji

Na kuvuta vibaya ndiko kunakopoteza fedha nyingi kuliko kuchagua vibaya. Pompi ya gesi ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa hupiga koo na kumezwa. Chemba ya plastiki, inayowekwa kati ya pompi na mdomo, hutatua hilo, na kama huna ya dukani, chupa ya maji ya nusu lita inatosha: utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa, chupa hiyo ilifanya kazi sawa na chemba ya kiwandani.

Osha chupa, ikauke. Pinda waya uwe na umbo la mdomo wa pompi, mviringo uliobanwa kidogo, upashe juu ya makala hadi uwe mwekundu, uubonyeze kwenye kitako cha chupa. Plastiki inayeyuka na kuacha tundu la saizi yenyewe. Ingiza pompi, ikicheza, zungushia gundi au plasta pasivuje, na ngoja harufu iishe. Puliza mara kadhaa ndani kabla ya matumizi ya kwanza ili dawa ipake kuta. Kisha tikisa pompi, mpulizo mmoja, mtu anavuta na kutoa pumzi kwenye shingo ya chupa taratibu mara tano au sita. Mpulizo wa pili hurudia yote. Isafishe kwa maji ya sabuni na iache ikauke bila kuifuta kwa kitambaa.

Kwa shambulio: mipulizo 4 hadi 10 ya bluu kupitia chupa, mmoja mmoja, kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo inayobadilika rangi, au mtoto ambaye ngozi inaingia katikati ya mbavu, apelekwe mara moja.

Swali la mwisho ninaloulizwa sana ni la wajawazito, na jibu langu ni fupi: mama asiache pompi yake. Budesonidi ina rekodi ndefu ya usalama katika ujauzito, na kukosa hewa kunamdhuru mtoto kuliko dawa. Akiwa kwenye vidonge vya montelukasti au prednisoloni, aende nazo kliniki kwenye mfuko uleule, azionyeshe.